Kidonge Kilichochoma Uso wa Mama

Ndugu yangu mkubwa alining'oa jino kwa ngumi, nyumbani kwetu Githongo, mbele ya mama. Na mimi nilimpasua mdomo. Sijutii hata kidogo.

Mama ana saratani ya mapafu. Sigara hajawahi kuishika. Labda ni moshi wa kuni, nani ajuaye. Daktari wa Embu alimwandikia kidonge kimoja kila asubuhi. Mimi nafundisha mambo ya seli chuoni hukohuko Embu, kwa hiyo nilimweleza ndugu yangu polepole, kwa Kimeru, tukinywa uji. Juu ya seli kuna kipokezi kinachongoja ujumbe kutoka nje. Kwa ndani kimeshikana na kimeng'enya. Ujumbe ukifika, kimeng'enya kinaamka na kuamuru seli igawanyike; ukiisha, kinalala. Cha mama kimeharibika, hakilali. Kidonge kinaingia palepale kimeng'enya kinapochukulia nguvu, kinapaziba, amri inakoma, uvimbe unanywea.

"Sawa," akasema. Sawa gani!

Wiki ya pili uso wa mama ukajaa vipele vya usaha, mpaka puani. Daktari alikuwa ametuonya: ngozi nayo ina vipokezi hivyohivyo, vikizibwa italalamika, apakwe mafuta, kidonge kisiachwe. Lakini ndugu yangu amepulizia kahawa dawa ya wadudu maisha yake yote. Kwake, ngozi ikitoka vipele vile ni sumu, na aliyekula sumu hunyweshwa maziwa mpaka atapike. Ndivyo wanavyofanyiana shambani.

Nilipofika Jumamosi nilimkuta amemkaba mama shingo kwa mkono mmoja, kwa mwingine anammiminia maziwa mabichi mdomoni. Mama anapaliwa, anapiga miguu sakafuni. Maziwa yanamtoka puani yamechanganyika na damu ya vipele.

"Mwache! Utamuua, ng'ombe wewe!"

"Nani anamuua? Si ni wewe na masomo yako!" Akanyakua chupa ya vidonge, akaivurumisha nje. Kifuniko kikaruka, vidonge vikatawanyika kwenye samadi mbele ya zizi.

Hapo mori ukanipanda. Nikamrukia. Tulitoka mlangoni tumekabana koo, tukaanguka kwenye hiyo samadi, nikamtwanga kwa mkebe wa maziwa uliokuwa kando ya zizi, akaniponda uso. Nilitaka afe, nasema ukweli. Naye alikuwa analia huku akinipiga: "Ni mama yangu pia! Ni mama yangu pia!"

Hatukumwona mama akitoka. Alikuwa amepiga magoti kando yetu, anachokora samadi kwa vidole. Akapata kidonge, akakifuta kwa leso, akakimeza kikavu tukimwangalia.

"Tangu hiki kitu kiingie kifuani mwangu," akasema, akihema, "hakuna hata mmoja wenu ameniuliza mimi nataka nini. Nataka kuishi. Haya, endeleeni kupigana."