Washeni Data, Jioni Nitawaambia

Musoma ina watu wanaojulikana kwa sura, na ina Sabiha, anayejulikana kwa sauti. Ukipita mtaa wa Iringo ukamkuta nyuma ya meza yake ya kava, chaja na visikilizio, mfupi, ushungi umekaa upande, utampita kama unavyompita muuza karanga. Lakini ngoja afungue mdomo! Hapo ndipo mtu anasimama, anageuka na kusema, "Ala! Kumbe ni wewe?"

Ni yeye. Ndiye mwenye kipindi cha Simu Safarini, kipindi kisicho na redio wala studio. Ni sauti tu anazorekodi asubuhi akishamaliza chai, kisha anazitupa kwenye makundi ya Watsapu: la madereva, la makonda, la wachuuzi wa dagaa, na la wavuvi wa kisiwa cha Rukuba, ambao wanapanda kwanza mwambani kutafuta mtandao, wakishapakua wanashuka nazo kusikiliza wakishona nyavu. Simu gani mpya imetoka, ipi inakaa na chaji, ipi ni jina tu. Na anaanza hivi siku zote: "Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na wewe usiye na salamu, habari ya barabarani!"

Watu wanampendea jambo moja: hasifii kitu asichokibeba. Tabia hiyo kairithi kwa baba yake, mzee Khalidi fundi saa, ambaye hakuwa anamrudishia mteja saa mpaka aivae mwenyewe, aende nayo sokoni na msikitini, aone kama inasema kweli. Sabiha naye hivyo hivyo. Pawabanki anaipeleka kwanza mnadani Butiama ikale vumbi. Iliwahi kuja simu ya kujidai kwamba haiogopi maji. Akaizamisha kwenye beseni la vyombo mbele ya wateja, ikazima moja kwa moja. Jioni watu wakamsikia: "Imekufa, jamani, na mazishi ni leo." Walicheka mpaka Bunda.

Basi kikaja kidude. Kitu kidogo cha duara, ukubwa wa kifuniko cha soda. Unakificha kwenye begi au kwenye pikipiki, na mali yako ikipotea unafungua ramani kwenye simu unaona ilipo. Hakina laini, hakinunuliwi bando. Kazi yake ni kunong'ona. Simu janja yoyote inayopita karibu, ikiwa imewashwa blutuzi, lokesheni na data, inakisikia na kupeleka habari, na mwenye simu hata hajui.

Sabiha alikiweka kwenye Probox ya Makongoro, dereva wa kwenda Bunda, akakaa mezani kwake anamfuatilia kwenye ramani huku anashangilia kama yuko uwanjani. "Yuko Kiabakari! Kasimama! Haondoki!" Akampigia. "Makongoro, abiria wanasubiri, wewe unakula chipsi?" Makongoro kijiti kikamdondoka mkononi. Wallahi, siku hiyo furaha ilimpanda Sabiha kichwani, na kesho yake asubuhi akasema neno ambalo baba yake asingelisema: "Ndugu zangu, huyu ni mlinzi asiyelala!"

Neno hilo lilifika Bukima, kwa Marcelina.

Marcelina ni mjane, mwenye mtumbwi mmoja wa dagaa na mashine moja ya kuusukuma. Na kule mwaloni, mitumbwi inakoegeshwa, kuna desturi ambayo hata mtoto anaijua: mashine hailali nje. Wavuvi wakirudi asubuhi inafunguliwa mtumbwini, inapandishwa begani, inapelekwa nyumbani na kuegemezwa ukutani chumbani. Majirani walikuwa wakimtania Marcelina kwamba kaolewa tena, ila mume mpya ananuka petroli. Yeye anacheka, lakini kila asubuhi anamtegemea kijana wa mtumbwini kuibeba, na kila usiku ile harufu inamnyima usingizi. Aliposikia habari ya mlinzi asiyelala, akaja Iringo siku hiyo hiyo.

Simu yake ni kitochi, haina ramani. Kwa hiyo kidude kikaunganishwa na simu ya Sabiha, kikafungwa kwenye nailoni na kufichwa chini ya kava la mashine, wao wawili tu ndio wanajua. Marcelina akarudi kwa watu wake, akawaambia, "Kuanzia leo iacheni huko huko mtumbwini." Wavuvi wakatazamana. Bosi kasema, wao nani?

Mbalamwezi ikaingia. Mwezi ukiwaka hivyo dagaa hawafuati taa, na mitumbwi inapumzika mchangani. Na asubuhi moja, Sabiha hata hajatandaza meza, akamkuta Marcelina amesimama hapo mahali pake, khanga imelowa umande, viatu vimejaa mchanga.

"Sabiha, mwanangu," alisema taratibu, "mlinzi wako kalala."

Mashine haikuwepo. Alikwisha kuripoti polisi, sasa amekuja kwa mwenye maneno.

Sabiha akafungua ramani. Kidoti kilikuwa pale pale mwaloni Bukima, na chini yake: jana jioni. "Mama, inasema ipo! Haijasogea!"

"Mimi ndiyo natoka huko. Imebaki mbao tu." Marcelina akakaa kwenye stuli. "Ile mashine ndiyo inanilishia wanangu. Nilikuwaga nalala nayo chumbani, wewe ukasema kuna mlinzi."

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Ile mashine ikienda, mwanamke huyu anakwisha. Na ikienda, nani atasikiliza tena Simu Safarini? Akaitazama simu yake, akaangalia juu ya kioo, ndipo akapiga paji la uso. Data yake mwenyewe ilikuwa imezimwa mpaka dakika ileile alipoiwasha kufungua ramani!

Kumbe ndiyo hayo. Mkoa wa Mara mzima, data ni bomba la maji: ukishachota unafunga. Mtu anasoma ujumbe wake, anazima. Blutuzi nayo inazimwa, eti inakula chaji. Huko mjini Musoma na kwenye senta za barabara ya Bunda simu ni nyingi, haikosi iliyosahauliwa wazi, ndiyo maana Probox ilionekana. Lakini Bukima? Kidude kilikuwa kinanong'ona peke yake gizani, na hapakuwa na wa kukisikia.

Makongoro alikuwa ameegesha pale pale. "Dada Sabiha, tangaza basi! Sema mashine imeibwa!"

"Weee! Kwani mwizi hana masikio? Akisikia anaipekua, anakitoa anakitupa ziwani." Akasimama, akazunguka meza, akasimama tena. Halafu macho yakamwaka. Akashika simu.

"Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na wewe usiye na salamu, habari ya barabarani! Leo kuna jaribio, na sisemi la nini. Popote ulipo, washa data, washa blutuzi, washa lokesheni, na usizime mpaka jioni. Bando likiisha niulizeni mimi. Ukishawasha, andika jina na ulipo. Jioni nitawaambia, na nawaapia mtacheka!"

Ujumbe ukaruka. Kimya. Marcelina anatazama kile kitu mkononi mwa Sabiha kama anatazama chungu ambacho hakichemki. Halafu ting! Nimewasha, Nyasho. Ting! Nimewasha, Butiama njia panda. Nimewasha, Rukuba mwambani, tuko sita. Nimewasha, Bunda stendi, hilo jaribio lina zawadi? Zikaja mfululizo mpaka kioo hakisomeki, Sabiha anarukaruka kama msichana wa shule. Watu wanazima data hata wakiwa na bando la mwezi, na leo wamewasha kwa sababu yeye kasema tu!

Na kidoti kikaondoka Bukima.

"Mugango!" Sabiha alipiga kelele, majirani wa Iringo wakatoka milangoni. "Mama, ipo Mugango! Inatembea!"

"Yesu wangu," alisema Marcelina, akajifunga khanga vizuri kiunoni.

Makongoro aliwaomba radhi abiria wake wawili, akawashusha, wanawake wakaingia. Probox ikashika lami. Marcelina akampigia afande aliyempokea asubuhi, afande akapigia wenzake wa Bunda. Sabiha yeye kazi yake ramani, waya wa pawabanki umemzunguka shingoni.

Jambo moja lilimshangaza. Alitegemea kidoti kiruke, kionekane kwenye senta, kipotee porini, kionekane tena. Lakini hapana! Kilikuwa kinatiririka barabara nzima, hata pale pasipo na nyumba wala mtu, mashamba ya mihogo kulia, mashamba ya mihogo kushoto. Kikatokeza Kiabakari, kikakata kuelekea Bunda, hakijakatika hata mara moja.

"Sijui ni nani huyu anayetumulikia njia yote hii," alisema Sabiha. "Mungu ambariki."

"Amina," alisema Marcelina.

Walipofika stendi ya Bunda kidoti kilikuwa kimetulia ndani yake. Askari wawili wakawapokea. Lakini stendi ni stendi: mizigo milima kwa milima, magunia, matenga, mabegi, na pikipiki zimebeba vitu virefu kuliko zenyewe. Ramani inasema ni hapa. Haisemi ni gunia lipi. Kilibaki kitu kimoja. Kidude kinaweza kulia, ukiwa karibu nacho ukakibonyeza kwenye simu, lakini mlio wake ni wa kifaranga, na pale kulikuwa na honi, makonda, na muuza dawa ya panya mwenye kipaza sauti.

Sabiha akapanda juu ya benchi la muuza chai.

"Ndugu zangu wa Bunda!"

Shingo zikageuka. Ile sauti! Watu walianza kuulizana, wakamtazama huyu mfupi mwenye waya shingoni. "Si Sabiha huyu? Wa Simu Safarini?" "Mbona nilidhani ni mnene?"

"Ndiyo mimi! Mlioniwashia leo, nawashukuru. Sasa naomba kimya, kidogo tu. Kila mtu. Na wewe wa panya, zima!"

Na stendi ya Bunda ikanyamaza. Nakuambia ikanyamaza! Dereva wa basi kazima injini. Kuku tengani nao walinyamaza, sijui nani aliwaambia. Sabiha akabonyeza.

Tii. Tii. Tii.

Ilitoka nyuma ya kibanda cha vocha, kwenye pikipiki iliyofungwa magunia mawili yananuka dagaa, juu yake amekaa kijana ameinamia simu, visikilizio masikioni, anatikisa kichwa. Ndiye peke yake hakujua kwamba dunia imenyamaza. Askari wakamshika mkono mmoja huku, mmoja huku. Gunia la kwanza lilipofunguliwa, kava jekundu la mashine likachungulia katikati ya dagaa, na stendi nzima ikalipuka.

Kijana akavua visikilizio. Cha ajabu, kabla ya hofu lilimjia tabasamu. "Dada Sabiha? Ndiyo wewe mwenyewe? Mimi msikilizaji wako, toka ile simu ya kwenye beseni!"

Marcelina alikuwa amesogea. "Gody."

Alikuwa Gody, kijana wa mtumbwini mwake. Ndiye aliyekuwa akiibeba ile mashine begani kutoka mwaloni mpaka chumbani, asubuhi zote, kisha anaketi jikoni kwake na kunywa chai na kiporo cha ugali.

"Mama," alisema Gody, sasa uso umeanguka, "uliposema iachwe mtumbwini, hukuniita tena. Hata chai."

"Ndiyo unaniibia? Kwa sababu ya chai?" Marcelina aliuliza. Gody alitazama chini, halafu akamgeukia Sabiha. "Lakini mmenijuaje? Njia nzima sikukutana na mtu."

Sabiha akapandisha ujumbe wa kundi, juu, juu zaidi, mpaka akaukuta. Akamshikia kioo usoni. Nimewasha dada, natoka Mugango naenda Bunda. Gody.

"Ni simu yako, Gody," alisema. "Njia yote ni simu yako."

Muuza dawa ya panya alicheka mpaka akaketi chini. Konda mmoja akapiga ukelele, "Mwizi kajitangaza!" na kicheko kikaenda mpaka barabarani. Sabiha naye alicheka, alicheka machozi, kisha akakumbuka kwamba alimwombea baraka.

Askari walimpeleka Gody kituoni, na maelezo yalipokwisha kuandikwa mashine ilirudi Bukima ndani ya Probox. Gari liliishia mwaloni, na kutoka hapo hapakuwa na bega la kuibeba, kwa hiyo Makongoro alishika mbele, Sabiha akashika nyuma, wanahema, Marcelina anawaelekeza wasiigonge mlangoni. Wakaiegemeza ukutani chumbani. Sabiha akatoka uani akarekodi aliyoahidi. Akawasimulia yote, na mwishoni akasema, "Nilikiita mlinzi. Nilikosea, hakilindi kitu. Kinasema tu kilipo, tena mkikisikiliza. Basi mashine zilale ndani kama zamani, na data msizime."

Alipoingia jikoni Marcelina alikuwa anamimina chai. Akamimina ya Sabiha, ya Makongoro, ya kwake, mkono ukaenda wenyewe ukajaza na kikombe cha nne. Akakitazama.

"Hiki kilikuwaga cha Gody," alisema.

Akakifunika na kisahani. Makongoro akasema kwa utani, je, atakinywa yeye? Marcelina akamtazama jicho moja tu.

"Kesho nitampelekea chupa nzima kituoni," alisema Marcelina. "Akishakunywa, ndiyo nitamtukana vizuri."