Laini ya Fort Ternan

Asubuhi ile nilifika kazini kabla ya saa moja, nikafuta ubao wa simu kwa kitambaa, nikaanza kupokea kilo za majani kutoka vituo vya kununulia. Nilikuwa opereta katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho, mwaka wa tisini na mbili. Ubao wangu ulikuwa wa zamani. Kila laini ilikuwa na kifuniko kidogo cha shaba kilichoanguka mtu akipiga, nami nikachomeka waya na kusema, "Kiwanda, habari ya asubuhi."

Joel arap Koskei, dereva wa lori la majani, alisimama dirishani kwangu kama alivyofanya kila siku.

"Mama Otis, leo unanituma wapi?"

"Anza Kiptere. Karani anasema wamejaa mpaka nje."

"Kiptere ni nyumbani. Nitapitia niangalie ng'ombe, alikuwa karibu kuzaa."

"Pitia, lakini usikawie. Majani yataungua kwenye magunia."

Akacheka akaenda.

Mimi ni Mjaluo. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, nami nilizaliwa katika nyumba za kampuni. Koskei alikuwa Mkipsigis, mwenyeji, mwenye shamba lake la chai na mke aliyeitwa Emily. Tulifanya kazi pamoja miaka minane na hatukuwa na haja ya kutajiana mambo hayo. Lakini ulikuwa mwaka wa vyama vingi. Kwenye mikutano watu walikuwa wameanza kuambiwa kwamba wageni warudi kwao, na mgeni, kumbe, alikuwa mimi.

Saa nne kilianguka kifuniko cha Londiani. Alikuwa mtu aliyetuuzia kuni za boila.

"Leo hakuna kuni. Barabara imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na vijana. Wako na mishale." Akakata simu.

Nilidhani ni ugomvi wa siku moja. Alasiri laini ya Londiani ikafa. Kesho yake karani wa kituo kimoja cha upande wa chini alipiga akisema vijana wa Kijaluo wamevuka mto na kuchoma nyumba za Wakipsigis, kulipiza. Baada yake akapiga mwingine wa upande wa juu, akasema vivyo hivyo, ila aliyechoma na aliyechomewa walikuwa wamebadilishana. Wote wawili walikuwa wanalia.

Watu husema vile vilikuwa vita vya mishale tu, kama vya zamani. Mimi niliviona vikipiganwa kwa petroli, kwa malori yaliyowashusha vijana mahali ambapo hawakujulikana, kwa makaratasi yaliyopigwa chapa na kuachwa milangoni, na kwa simu. Havikuwa na mstari mmoja ambao mtu angeukimbia. Juu Londiani kulikuwa na vita, magharibi Fort Ternan, chini mpakani na Wajaluo, kwenye miwa, na kila upande uliamini kwamba umeshambuliwa kwanza. Laini ikifa, nilijua nguzo zimekatwa na vita vimefika hapo. Nilikuwa nikivihesabu vifuniko vilivyobaki.

Meneja aliamuru lori lolote lisitoke getini. Mitambo ikapoa. Sikuwahi kusikia kiwanda kile kikiwa kimya mchana. Nilisikia hata kunguru juu ya mabati. Wenzangu walikuwa wamefunga virago, wakingoja usafiri wa kwenda ziwani.

Siku ya nne, mchana, Fort Ternan ikapiga. Alikuwa dada yangu mdogo, Risper, aliyekuwa na duka la nguo karibu na stesheni. Mumewe alikuwa kazini Mombasa.

"Wanachoma nyumba za juu," alisema kwa Kijaluo. "Tuko stoo ya stesheni. Mimi, watoto wawili, mama mkwe, na jirani na mtoto wake mchanga. Karani anatuomba tutoke kabla ya jioni. Anaogopa, watamchoma na yeye."

"Na askari?"

"Wako wawili tu, Atieno. Wawili."

Nilimwambia asubiri hapo hapo. Sikuwa na chochote cha kumwahidi, lakini nilisema hivyo.

Koskei alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori lake, akipangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Nilimweleza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Meneja amekataza," alisema.

"Najua. Nakuomba mimi."

Alikunja kitambaa chake. Kisha akasema, "Stesheni kuna kasha la vipuri vya boila, halijachukuliwa. Wakiuliza, nafuata hiyo. Wale watalala chini ya magunia. Huko juu nitapita. Ni watu wa kwetu, nitaongea nao."

"Na huko chini kwa miwa?"

"Huko sifiki. Nitawashusha juu kidogo, watembee. Mimi narudi."

"Emily anajua?"

"Nitamwambia nikirudi."

Nilirudi kwenye ubao, nikapiga getini. "Meneja amesema lori la Koskei lipite," nilimwambia bawabu. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Bawabu akasema, "Sawa, mama," na nikasikia mnyororo ukifunguliwa.

Saa tisa karani wa stesheni alinijibu kwamba lori limefika na limeondoka. Saa tisa na nusu nikapiga tena.

Laini ilikuwa imekufa.

Yaliyotokea nimeyapata kwa Risper. Kizuizi cha kwanza kilikuwa cha magogo. Chini ya magunia walimsikia Koskei akizungumza Kikipsigis na vijana, akiwauliza wana wa nani. Kijana mmoja alipanda nyuma, akakanyaga magunia. Mguu wake ulisimama juu ya mkono wa mama mkwe. Mama mkwe hakutoa sauti.

Walipita.

Barabara ilipoanza kuteremka Koskei alisimama, akaja nyuma akawafunua. "Hapa ndio mwisho wangu. Miwa ile pale, ni mwendo wa nusu saa."

Risper akamtazama mama mkwe. Alikuwa na mguu mbaya, na mkono ulikuwa umevimba. Hangeweza kutembea hata robo ya safari ile.

"Shemeji, tusogeze mbele kidogo," Risper alimwambia. "Mpaka kwenye ile kona tu."

Koskei aliitazama kona. Aliwatazama watoto. Akasema, "Laleni tena."

Kwenye kona kulikuwa na mti umelazwa barabarani.

Risper alisikia sauti za watu, nyingi, zikizunguka lori. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mtu akauliza kwa Kiswahili, "Unatoka wapi?"

"Nimepepa watu wenu," Koskei alijibu, akimaanisha nimebeba; ulimi wa Kikipsigis huigeuza b kuwa p. "Angalieni nyuma."

Wakacheka. Mtu mmoja aliiga: "Nimepepa! Ati nimepepa!"

"Kweli. Watoto na mama. Angalieni tu."

Risper alikuwa ameelewa. Waliokuwa nje walikuwa wakisemezana kwa Kijaluo, lugha yake mwenyewe. Lakini siku zile tulikuwa tumeonywa kwamba kuna watu wanaojifunza lugha za wengine ili kuwatoa mafichoni. Alimfunika mwanawe mdogo mdomo. Akangoja asikie zaidi, awe na hakika.

Alipoyasukuma magunia na kupiga kelele kwa jina la baba yetu na la kijiji chetu, Koskei alikuwa tayari amelala kando ya gurudumu.

Vijana wale waliwasaidia kushuka. Mmoja alimbeba mama mkwe mgongoni mpaka zahanati. Risper anasema alikuwa kijana mwenye adabu, na njia nzima alikuwa akisema, "Hatukujua, mama. Hatukujua."

Alinipigia kutoka zahanati saa kumi na moja.

"Tumefika," alisema. "Sote sita."

"Na Koskei?"



Habari Emily alipelekewa na meneja. Mimi sikwenda. Kesho yake tulipandishwa kwenye malori, nikaenda ziwani na watu wengine wa kiwanda. Nilijiambia kwamba njia hazipitiki, na ilikuwa kweli. Mwaka uliofuata zilipitika, nikajiambia jambo lingine. Mwili ulikuwa umeletwa Kiptere siku chache baadaye, nikasikia, na watu wa kwake walitaka kwenda kulipiza. Emily ndiye aliyekataa. Alisema hataki kaburi la mumewe lizae mengine.

Miaka sita ilipita kabla sijaweza. Nilikwenda Kiptere peke yangu, nikamkuta akichuma chai, kikapu mgongoni. Alinijua kabla sijajitaja. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemwomba Koskei aende, na mimi ndiye niliyemdanganya bawabu.

Mikono yake haikuacha kuchuma.

"Ungeniuliza mimi, ningekataa," alisema. "Ndio maana hakuniambia." Akatupa majani kikapuni, akaongeza, "Yule alikuwa chini ya magunia ako hai?"

"Yuko."

"Mlete. Nataka kusikia yeye."

Ilinichukua miezi kumshawishi Risper. Tuliketi jikoni kwa Emily, watatu. Risper alieleza yote, kona ile, kicheko, maneno ya Koskei, na mkono wake juu ya mdomo wa mtoto. Hakujitetea. Emily alikuwa ameangalia moto.

"Alikuwa anangoja mseme," alisema.

"Ndio, mama. Alikuwa anatungoja."

"Mlikaa muda gani?"

"Sijui. Kama mtu anavyosali Baba Yetu. Mpaka katikati."

Emily aliinuka akatoka. Tulimsikia akimwita ng'ombe, kisha maziwa yakigonga ndoo. Hakutuambia tuondoke na hatukuondoka. Aliporudi alitumiminia maziwa, tukanywa, yeye hakunywa. Wakati wa kuagana alinipa mimi mkono. Risper hakumpa.

Njiani dada yangu hakulia. Aliniuliza tu magari ya Kiptere hupita saa ngapi siku za soko.

Mwaka uliofuata alirudi kule peke yake, na uliofuata tena. Sijamuuliza wanazungumza nini.