Bega Nililovunja Nikichungulia

Nilipokuwa mtoto kwetu Bungoma, kaka yangu alipatwa na surua akawa analetewa chai ya sukari kitandani, nami nikajipaka majivu ya moto usoni ili nitoke vipele, nikapata malengelenge na kichapo. Nasema haya, ingawa ni aibu, mjue wivu sikuuanzia Nairobi, maana mtu aliyeonea surua wivu ataonea chochote, na mwaka ule wa sabini na kitu, nikiwa kibarua wa mjengo karibu na Adams Arcade, nilimwonea Mutua.

Mutua alikuwa karani wa hospitali, Mkamba mpole mwenye kalamu mbili mfukoni (mimi darasa la tatu sikulimaliza), na aliimba kwaya moja na Rispa, mchumba wangu, ambaye nilikuwa nimebakiza kibali cha baba yake tu nimwoe. Jumamosi moja mchana nikamwona akiingia chumbani kwa Rispa, kule Riruta. Badala ya kubisha hodi (tangu siku ile hata kwangu nabisha) nikazunguka nyuma, nikapanda pipa la maji, nikachungulia dirishani. Niliona vichwa viwili vimeinamia meza moja, basi, pipa likateleza, nikaanguka chali juu ya jiwe la kufulia, na kabla hawajatoka nilikuwa nimesharuka ua.

Jumatatu mkono haukuinuka, nikaenda hospitali. Daktari alitazama piksha ya eksirei, akasema limepasuka kombe la bega, ule mfupa mpana wa mgongoni, na kwamba hauvunjiki kirahisi, akanipima mbavu na mapafu, akauliza nimepigwa na nini.

"Gari," nikasema.

Plasta hakuweka, alinining'iniza tu mkono shingoni kwa kitambaa (nikaona wamenipunja), akanituma kwa karani. Na karani ni nani kama si Mutua?

"Pole, ndugu yangu," akasema, akifungua kitabu kinene cha nambari za magonjwa. "Kombe la bega ni nambari mia nane na kumi na moja. Hiyo ni ya mfupa. Sasa nataka nambari ya kilichouvunja. Gari gani?"

"Peugeot. Hapo Dagoretti Corner."

"Basi hiyo ni ya polisi."

Askari wa mlangoni akaja na daftari, anataka rangi, saa, dereva alivaa nini, na kila nilichojibu kikazaa swali lingine, mpaka akasema twende nikamwonyeshe mahali. Benchi zima la wagonjwa lilikuwa linasikiliza.

"Si gari," nikasema. "Ni pipa."

"Pipa nayo iko na nambari?" akauliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na benchi likaangua kicheko.

"Kuanguka kuna nambari, mama," Mutua akasema. "Pipa la wapi?"

"Riruta."

Kalamu ikasimama. Hakucheka (afadhali angecheka), akaandika polepole, kisha akaniinamia.

"Rispa aliniita nimwandikie baba yake barua ya kukusifu. Ndiyo tuliyokuwa tunaandika. Nilipokuona kwenye foleni asubuhi nikatuma mtu amwite. Kaa hapo, yuko njiani na chakula chako."

Nikakaa. Nikawaza jinsi benchi litakavyomsimulia Rispa habari ya pipa. Nikainuka, nikasema naenda chooni, nikakipita choo, nikalipita geti, nikashika Ngong Road kwa miguu na mkono wangu shingoni. Kadi ilisema nirudi baada ya wiki tatu. Hospitali sikurudi, na Riruta sikurudi.