Mashine ya Sukari Inamsalimia Mama

Mashine ya kupima sukari imemsalimia mama yangu siku tatu mfululizo. Mimi nimejua leo.

Nimempigia asubuhi kutoka Nyeri. Yeye alikuwa nyumbani, Chaka.

"Mama, umepima sukari?"

"Nimepima. Hii mashine yako iko na heshima, Wanjiru. Inaniambia 'hi'."

Nikacheka. Ati hi!

"Na namba?"

"Namba hakuna. Tangu Jumapili ni hi tu. Nikajua nimepona."

Kicheko kikaniisha. Mashine ikiandika HI, ni 'high': sukari imepanda mpaka mashine haiwezi kuipima.

Nikamuuliza anajisikiaje. Ati ni kiu tu, na usingizi mwingi.

Jirani yake amemleta hospitali hapa Nyeri na gari yake. Saa hii amewekewa dripu. Nikimwita anafungua macho kidogo, halafu anarudi kulala. Daktari ametuambia tungoje.

Hiyo mashine nilimnunulia mimi. Nikamfundisha kujidunga kidole, kuweka damu, kusoma namba.

Ya HI sikumwambia. Niliona sukari yake haiwezi kufika huko.

Jameni, kama umenunulia mzazi mashine, mpigie sasa hivi. Muulize inaandika nini.