Pikapu ya Mzee Athumani Iliyozima Njiani

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya kampuni ya alizeti hapa Singida mjini, msimamizi alinipa spana akasema, "Nataka kuona unavyoishika." Alikuwa hajawahi kufanya kazi na fundi mwanamke. Mwezi mzima alirudia kukaza kila nati niliyoikaza mimi. Sikukasirika, niliiga. Yeye ndiye aliyenifundisha hivi: "Dereva akikueleza ubovu, msikilize, halafu usimwamini. Wengi wanaficha walikolipitisha gari."

Alipostaafu nikashika nafasi yake, na tabia yake.

Tulikuwa na pikapu ya petroli, kuukuu, ya zile za mwanzo kutumia injekta badala ya kabureta. Aliyeiendesha ni Mzee Athumani, mtu mzima kwangu, niliyemwamkia kila asubuhi. Siku moja alichelewa sana kurudi kutoka Mtinko.

"Mama Neema, nikipunguza mwendo inazima," aliniambia. "Na pedeli ya breki inakuwa ngumu."

Niliandika la kuzima tu. Nilianza na sailensa, yaani ule mngurumo wa injini usipokanyaga mafuta. Nikasafisha mlango wa hewa uliojaa masizi, na kidude kinachopitisha hewa ya sailensa. Nikabadili plagi. Injini ikanguruma asubuhi nzima bila kutikisika. Nikaiendesha hadi Unyambwa na kurudi; barabara ilikuwa nyeupe, haina magari, nikawa napunguza mwendo kwa gia tu. Haikuzima.

Mzee Athumani akachelewa tena, na tena. Mle karakana wakaanza kunong'ona kwamba ana nyumba nyingine Mtinko. Nami niliamini. Nilifikia hata kuchungulia matope ya matairi yake.

Meneja aliniita. "Gari lina tatizo?"

"Sijaona tatizo."

"Basi tatizo ni dereva."

Nikarudi karakana. Mzee Athumani akaondolewa kwenye usukani, akapelekwa kupima magunia ghalani.

Wiki iliyofuata hakukuwa na dereva, nikaipeleka mwenyewe Mtinko, siku ya mnada. Kabla ya kufika, ng'ombe wakakatiza barabara, na nyuma yao mama mmoja na ndoo kichwani. Nikakanyaga breki. Injini ikazima. Pedeli ikawa kama jiwe, nikaisukuma kwa miguu yote miwili. Gari lilisimama ndoo ikiwa imeshaanguka, yule mama ameweka kiganja kwenye boneti.

"Wewe, unataka kuniua?" akasema. Nikashuka, nikamwokotea ndoo.

Alipoondoka nikawasha, nikakanyaga breki taratibu. Chini ya pedeli nikasikia hewa ikifyonzwa, ssss, na injini ikaanza kukohoa. Tatizo lilikuwa busta, lile bakuli jeusi linaloupa mguu nguvu ya breki. Injini huivuta hewa yake kupitia bomba la mpira. Ndani lilikuwa limechanika, kwa hiyo kila breki ikishikwa, hewa ambayo sensa ya kupimia hewa haikuipima iliingia kwenye injini, petroli ikawa haitoshi, injini ikazima. Nilimwomba kijana mmoja aliyekuwa akielekea mnadani akanyage pedeli, nikaubana ule mpira kwa koleo. Sailensa ikatulia.

Nilirudi polepole kwa gia, nikaenda moja kwa moja ghalani.

"Nilikwambia pedeli inakuwa ngumu," Mzee Athumani alisema, hakuinua macho kutoka kwenye mizani.

"Uliniambia."

"Uliandika?"

"Sikuandika, mzee wangu."

Nilimweleza meneja yote, na kwamba kosa ni langu. Busta ikabadilishwa, mzee akarudishiwa ufunguo.

Sasa nimestaafu, na vijana wa gereji wananiletea magari nyumbani. Nawaambia sailensa ipimwe breki ikiwa imekanyagwa, na waandike kila neno la dereva, hata wakidhani anadanganya. Wanadhani nawafundisha injini.

Mzee Athumani hakuniamini tena. Hadi siku yake ya mwisho kazini, nikimkabidhi gari alifungua boneti mwenyewe, akashika mpira mmoja mmoja, akakanyaga breki mara tatu, ndipo akaondoka. Nami nilisimama pembeni, nikimsubiri amalize.