Pikipiki Iliyovishwa Nguo

Wifi yangu anavalisha viti. Viti vya magari, viti vya pikipiki, vyote anavivika ngozi ya bandia, na ukikalia kazi yake huoni mshono umeanzia wapi. Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba: dirisha moja, cherehani nzito ya chuma, na chini ya meza vipande vya sponji ambavyo paka amevigeuza kitanda. Kaka yangu alipokufa kwa maradhi alimwachia binti mmoja na pikipiki moja kuukuu. Binti aliolewa mbali. Pikipiki ilibaki, na mtaani wanaiita Bibi Harusi, kwa kuwa asubuhi haitoki mpaka ibembelezwe.

Binti akajifungua. Wifi akatangaza kwamba anakwenda kumwona mjukuu wake, safari ya kutwa nzima, peke yake, juu ya Bibi Harusi. Mama yangu, ambaye anaishi naye, aliweka kikombe chini.

"Basi lipo," Mama akasema.

"Basi linasimama linapotaka lenyewe, Mama. Mimi nataka kusimama ninapotaka mimi."

"Utasimama itakapotaka hiyo takataka."

Mama hana ugomvi na mkwewe. Kinachomsumbua ni kukaa roho juu kila jioni akisikiliza kama mlio wa injini umefika mlangoni. Basi akatoa sharti: pikipiki ifike kwa magurudumu yake. Ikipakiwa kwenye gari la mtu hata mara moja, inauzwa, na asisikie kilio. Wifi alikubali haraka mno.

"Wifi, hiyo pikipiki umeshaiaga," nikamwambia.

"Nyamaza wewe. Hata baiskeli ulijifunza huku unalia."

Ni kweli, lakini kulikuwa na haja gani ya kulisema mbele za watu?

Aliiandaa vizuri, sitamnyima haki yake. Alibadilisha oili, akakaza cheni, akatia kila nati alama ya rangi ya kucha ili ikilegea aione. Angeishia hapo! Lakini mwanamke yule havumilii kitu kilicho uchi. Akalishonea tangi nguo nyekundu yenye uzi mweupe, imebana kama soksi. Kifuniko cha mafuta nacho akakivisha kofia yake, akaishona moja kwa moja ili vumbi lisipate pa kupenya. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Nami nilisifu, kwa shida.

Ya njiani ameyasimulia mwenyewe. Mji uliisha, mashamba yakaanza, naye anaimba ndani ya helmeti. Mara injini ikakohoa, ikazima. Akashuka, akafungua tangi, mafuta tele. Akafunga, akasafisha plagi, akapiga kiki, ikawaka. Plagi tu hiyo, akajiambia. Akaenda kidogo, ikazima tena. Tangi tena, plagi tena, ikawaka tena. Mara ya tatu ilimwacha katikati ya mlima, jua la utosi, na lori likasimama nyuma yake bila kuitwa.

Dereva, baba mnene mwenye taulo shingoni, aliizunguka Bibi Harusi akitikisa kichwa kama yuko msibani. "Mama, hii imechoka. Nyuma kuna nafasi, tuipakie."

"Haipakiwi."

"Ni bure, Mama."

"Hata ukinilipa."

"Sasa utalala nayo hapa?"

"Nitalala nayo. Wewe nenda zako, baba."

Hakwenda. Nionyeshe mwanamume anayeweza kuipita injini iliyozimika. Wifi, sharti la Mama linampigia kelele kichwani, akakizungusha kifuniko kwa hasira. Lori lilikuwa limezimwa, mlima kimya, na safari hii akasikia: fyuuu! Tangi lilivuta pumzi kama mtu aliyelegezwa mkanda baada ya kushiba.

Akakigeuza kile kifuniko. Juu yake kina kitundu cha kuingizia hewa kadiri mafuta yanavyopungua, bila hewa hiyo mafuta hayashuki kwenye injini, na juu ya kitundu, imelala ngozi yake maridadi. Kabla ya viti Wifi alishona mashati miaka mingi, akaelewa palepale.

"Mungu wangu, nimemkaba kola!"

"Umemkaba nani?"

"Pikipiki! Mzima huyu, haumwi popote. Nguo yangu ndiyo inayomnyonga."

Akatoa mkasi. Anasema aliutazama kwanza, maana ule mshono ulikuwa mzuri kuliko wote aliopata kushona. Akakata. Ikawaka kwa kiki moja, na dereva akamsindikiza kwa honi mpaka kileleni.

Jioni simu ikaita. Mama aliipora mkononi mwangu, hakuuliza hata habari za mtoto.

"Gari la mtu lilikuwepo au halikuwepo?"

"Lilikuwepo, Mama. Lakini lilikuja nyuma yangu."

Akamweleza yote, hakuficha hata mkasi. Mimi nikasema moyoni, leo ni leo.

"Kwa hiyo pikipiki haina kosa."

"Haina, Mama."

"Mwenye kosa ni fundi."

"Ndiye, Mama."

"Basi pikipiki ibaki. Tutauza cherehani."

Wifi alicheka mpaka mtoto akaamka kule, akaanza kulia. Mama akaanza kumbembeleza kitukuu chake, simu ameishika kichwa chini miguu juu.