Siku Mama Alipolia Msiba Wake

Nakumbuka siku moja, Jumamosi asubuhi kwetu Kalenga, nilipohesabu akina mama kumi na wanne wakishuka kwenye pikapu mbele ya nyumba yetu. Nikarudia kuhesabu. Kumi na wanne vilevile, wamejifunga khanga, wamebeba kuni na unga. Walikuwa wamekuja kwenye msiba wa mama yangu. Na mama yangu alikuwa uani, anachambua maharage.

Mwanangu, nimesikia unatafuta kisa cha kuweka kwenye insha ya kuomba chuo, na unalalamika kwamba maisha yako hayana kitu. Hata mimi nilisema hivyo nilipomaliza kidato cha sita. Insha ilitaka tukio lililonibadilisha. Nikaorodhesha matukio yangu yote, yakawa matatu. Nikayapitia tena, yakabaki mawili. Rafiki yangu Tumaini akaniambia, "Wale wanataka machozi. Wewe huna hata msiba?"

Sikuwa nao, nikautengeneza. Niliandika kwamba mama amefariki majuzi na kwamba naandika matanga hayajaondolewa. Mimi huyu, nisiyenunua sufuria bila kuigonga kwanza, uongo ule niliuchukua hivyohivyo.

Fomu ilihitaji muhuri wa usharika, yaani wa kanisa langu. Nikaiacha kwa katibu pale Kihesa, nilikokuwa nasali wakati wa shule, nikidhani atagonga muhuri tu. Wapi! Mzee yule alisoma na insha, mstari kwa mstari. Kisha akafanya kinachofanywa kwetu mtu akifiwa: akawaita akina mama wa kanisa, wakatafuta usafiri.

Mama alikuwa anasikia kwa sikio moja tu. Alipoona watu wanaingia wanalia, hakuuliza. Kwetu unalia kwanza na wenzako, maswali baadaye. Akaweka ungo chini, akamkumbatia wa mbele, akalia kuliko wote. Mimi niko mlangoni.

"Jikaze, dada," mgeni akamwambia. "Marehemu alikuwa nani kwako?"

Mama akamgeuzia sikio zima. "Marehemu yupi?"

"Si mama yake huyu binti!"

Kilio kikakatika kama redio iliyozimwa. Mama akanitazama mimi, akajitazama mikono, kisha akauliza taratibu, "Kwani nimekufa na nini?"

Hakuna aliyecheka. Katibu, aliyekuja nao, akatoa fomu kwenye koti, akanirudishia bila muhuri. Chuo cha mwaka ule kikaishia pale uani. Mama hakukubali wageni waondoke na njaa. Akasonga ugali kwa unga wa msiba wake, akawahudumia mmoja mmoja. Walipoondoka akaniuliza jambo moja tu: "Nikiwa hai, hukuona cha kuandika?"

Sikulala vizuri wiki nzima. Maana kilikuwepo. Tangu nikiwa mdogo, wanunuzi wa nyanya zetu walikuwa wanamtajia mama bei upande asiosikia, wanadai amekubali. Nikawa nasimama upande huo, napatana nao mimi. Nilikiona kitu kidogo mno, hata kwenye orodha sikukiweka.

Mwaka uliofuata nikaandika hicho. Kabla ya kukipeleka nilimsomea mama, mdomo karibu na sikio lake zima. Akanisimamisha mara mbili. "Hukuwa na miaka tisa, ulikuwa na minane. Na siku ya kwanza ulilia, mbona umeficha?" Nikarekebisha. Muhuri nikaupata, na chuo nikakipata, hapa Mbeya niliko hadi leo.

Basi mwanangu, acha kuwinda makubwa. Tazama kazi uliyoifanya kila siku mpaka ukaacha kuiona, anzia hapo. Ukimaliza, msomee yule uliyemwandika, uso kwa uso. Akikuambia umeongeza, toa. Akikuambia umeficha, weka. Kama huwezi kumsomea, usiitume.

Mungu akufungulie chuo unachokitamani. Na siku ya kuondoka, wote uliowaandika wawe wazima, wagombanie kukubebea begi.